Kengele ya Mzee Wanyoike

Kengele ilipolia mara ya tatu, Wanyoike alitoka nje na povu la sabuni kichwani, taulo kiunoni, mkewe Nduta akimfuata na viatu mkononi. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua. Wawili watatu walicheka bila kujificha.

Nzembi hakuwepo. Alihadithiwa na Caroline, muuza mboga wa lango la pili, akamwomba arudie pale pa taulo.

Kifaa kilichowakimbiza alikifunga yeye mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa kazi yake pale Kitengela: kufunga vidude vya kupima hewa ndani ya nyumba, vidogo kama kisahani, vinavyopiga kengele moshi wa sumu ukizidi. Wanyoike alimwita kwa sababu binti yake Whitney, aliye ng'ambo, alimsumbua mpaka akakubali. Mzee hakumtambua Nzembi. Siku ya mazishi ya ndugu yake Nzembi hakuwa amemtazama hata mara moja.

Miaka miwili nyuma, Muema, mdogo wake Nzembi, alikuwa mpangaji katika ploti ya Wanyoike, jengo la vyumba vya kupangisha. Mzee aliziba matundu ya hewa ya vyumba vya chini ili ukuta uchorwe tangazo la rangi. Baridi ya Julai ilipofika, Muema aliingiza jiko la makaa chumbani kama alivyozoea kila mwaka. Hakuamka. Hilo lilimuuma Nzembi, lakini lililomkaa kooni ni jingine: Wanyoike alisimama mbele ya waombolezaji, Biblia kwapani, akasema kijana alijiua, watu wamwombee. Wiki hiyo hiyo matundu yakazibuliwa kimyakimya. Mama yao angali anaulizwa sokoni mtoto wake alikuwa na shida gani.

"Sitaki afe," Nzembi alimwambia Caroline. "Nataka watu waseme amerukwa na akili. Aone vile mama anaona."

Njia ilikuwa rahisi. Kila jioni, kabla ya kufunga duka lake la vifaa, alifungua simu iliyounganishwa na kile kifaa na kubonyeza amri ya majaribio, ile ya kukifanya kifaa kilie bila sababu. Kisha alienda nyumbani akapika ugali wake kwa utulivu. Siku nyingine kililia, siku nyingine hakikulia. Mara jioni, mara asubuhi. Nzembi alilaumu mtandao. La muhimu ni kwamba kanisani walishaanza kumwita Wanyoike Mzee wa Kengele, na akina mama wa kikundi cha Nduta walihamisha mkutano wao kwa jirani.

Wiki iliyofuata Wanyoike aliingia dukani. Nzembi alijiandaa kwa ugomvi. Mzee aliketi kabla ya kukaribishwa, akavua kofia.

Alieleza kwamba alichoka kuchekwa, akaita fundi wa gesi athibitishe kuwa nyumba haina kasoro. Fundi alikuta bomba la moshi la mashine ya gesi ya maji moto limechomoka ndani ya ukuta, moshi ukivujia nyumbani. Alisema siku mbili tatu zaidi, wangekutwa wamelala moja kwa moja.

"Msichana wangu, ni wewe umetuokoa," Wanyoike alisema. "Jumapili nitasimama kanisani niwaambie. Niambie tena jina lako."

"Nzembi. Muema alikuwa ndugu yangu."

Mzee aliinamia kofia yake. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi nitasema yote," alisema. "Hata ya yale matundu."

Alipoondoka, Nzembi alibaki ameshika meza. Alikuwa amelitamani neno hilo miaka miwili, na sasa limekuja kwa sababu ya uongo wake. Fundi mwingine akichunguza kile kifaa angegundua mchezo wote, na Wanyoike angepata sababu ya kunyamaza. Afadhali afute ushahidi mapema.

Alifungua simu, akatafuta orodha ya amri alizowahi kutuma kwenye nyumba ile.

Zilikuwa kumi na moja, moja kwa kila jioni. Kando ya kila moja, kwa maandishi madogo mekundu, palikuwa na neno lile lile: haijatumwa.