Maneno Mawili ya Daktari

Mzee mgonjwa aliuliza kama ataishi mpaka boti inayomleta mwanawe kutoka Isangi ifike Kisangani. Larissa, mwalimu wa Kiingereza, akamtafsiria daktari mgeni. Daktari akajibu kwa sauti ya chini: "Any moment."

Yaani mzee angeweza kukata roho wakati wowote. Maneno hayo Larissa aliyafundisha darasani juzi tu, huku akicheka na wanafunzi.

"Amesema nini?" Mzee alimshika kidole. Kucha zake zilikuwa na rangi ya majivu.

"Amesema uko na nguvu, papa. Boti itafika, utamuona mutoto, mutakula pamoja."

Mzee alimtazama.

"Docteur amesema maneno mbili. Ya kwako iko mingi."

Akaonyesha shati jeupe lililotundikwa msumarini.

"Bon. Univalishe. Mutoto asinikute hivi."