Jiwe la Pili

"Hilo la pili liruke, shemeji, linacheza," alisema mdogo wa mumewe, na mwenyewe akaliruka bila hata kutazama chini.

Mshonaji akasimama palepale, mguu mmoja hewani.

Tangu alfajiri walikuwa wamepanda vilele vinne. Kilibaki kimoja, kile ambacho mumewe hakukifikia mwaka jana, majira kama haya ya kuchipua. Walimwokota korongoni, chini ya mawe haya ya kuvukia. Alikuwa peke yake, watu walisema, akakanyaga vibaya.

Leo mdogo wa marehemu alijitolea kumsindikiza mjane, na kutwa wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mimi mgeni huku kama wewe." Kila njia panda alikunjua ramani, akakuna kichwa.

Mshonaji akayatazama mawe. Yalikuwa vinundu tu chini ya theluji ya mwisho. Nyayo za shemeji zilikuwa kwenye la kwanza na la tatu. La pili lilikuwa jeupe, halijaguswa hata na ndege.

Akaligonga kwa fimbo. Theluji ikapasuka, jiwe likainama kuelekea korongoni, kisha likarudi taratibu mahali pake.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya huyu ilikuwa na vilele vinne.

"Umejuaje?"

Shemeji akacheka huku akikohoa. "Wewe nawe! Mawe ya mlimani yote yanacheza. Haya, jua linatuacha. Nipe mkono."

Akaunyoosha wake juu ya korongo, vidole vimetanuka.

Mshonaji akaibana fimbo kwapani, akaitia mikono yote miwili mifukoni.