Rangi za Nyaya

Tae-sik alikuwa anaunga waya wa mwisho kwa lehemu, kwenye meza yetu ya chakula, mbele ya picha ya marehemu mume wangu.

Kesho yake ilikuwa siku ya arobaini na tisa tangu afariki, siku ya ibada ya kumuaga. Mama mkwe alitaka kusikia tena sauti ya mwanawe, na video zote zilikuwa ndani ya kisanduku chake cha diski za kuhifadhia data, kilichogoma kufunguka. Njia iliyobaki ilikuwa kebo ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja na bodi ya saketi iliyo ndani yake. Mume wangu aliwahi kuunga nyaya zake upande wa bodi tu, kisha moyo wake ukasimama.

"Umeme ukipita waya usio wake, bodi inaungua, shemeji, na hizo diski hazifunguki tena," Tae-sik alisema. "Ila rangi ziko wazi, nafuata tu alizounga Kaka. Nyekundu ya umeme, kijani ya mawasiliano. Kaka alikuwa mvivu tu, kaniachia kazi nusu!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mvivu? Hata soksi nilikuwa nikimchagulia mimi. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa rangi moja."

Tae-sik alizitazama nyaya alizounga kaka yake. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi ya umeme, na swichi ilikuwa imeshabonyezwa.