Vigae vya Krismasi

Sheria ilitaka kila nyumba iliyo juu ya ufa wa ardhi ichorwe mstari mwekundu sakafuni. Mstari huo ukikatika na kuachana kwa upana wa kidole, familia ihame. Kila Krismasi Mihayo, mkaguzi wa mistari, alimwekea mkewe vigae vipya jikoni, kisha akauchora mstari upya. Kalunde aliona ni mapenzi.

Siku moja kigae kilibanduka. Chini yake, mstari wa zamani ulikuwa umeachana kwa upana wa kiganja kizima.

“Ufa huu unafika wapi, baba Shija?” Kalunde alimuuliza mumewe.

“Kilomita ishirini kwenda chini. Huko miamba inapishana polepole tu.”

“Na mbona mama yako ulimhamisha humu, sisi ukatuacha?”

Kalunde akawaita majirani waje waone.

“Umenivua nguo mbele za watu! Niombe radhi!” Mihayo alifoka.

“Siombi,” alisema Kalunde, akambeba mwanawe Shija, akatoka.