Uso wa Askari Eizo

"Siye," alisema Bi Tome tena.

Shunkei nusura aitupe brashi dirishani. Ngome ilikuwa tayari, theluji tayari, moshi wa mizinga tayari; maadui walishakimbia zamani. Kilichobaki katika picha ile ya vita ni uso wa Eizo, mwana wa mama huyu, aliyefia mlangoni mwa ngome na bendera mkononi. Tokyo nzima ilikuwa ikimlilia.

Uso wa kwanza Shunkei aliuchora kwa maelezo ya majeruhi mmoja wa kikosi chake. Bi Tome alipouona alishtuka hata chai ikamwagika.

"Hapana! Hata hafanani naye!" Akaiomba karatasi, eti akawashie moto.

Tangu hapo ikawa kufuta na kuchora. Pua iwe pana. Macho yawe madogo. Kidevu hicho, mwalimu, wapi na wapi? Mchongaji wa kuihamishia picha ubaoni ili ichapwe alikaa na kibao chake akipiga miayo. Kanamori, mwenye duka la picha, alishatangaza kwamba mama mzazi ndiye atakayeuthibitisha uso, na sasa kila asubuhi alikuja kufoka.

"Wenzako wanauza, Shunkei! Unachora vita au unatafuta mchumba?"

"Muulize huyu mama!" Shunkei akamgeukia. "Mama, umemzaa, umemlea. Humkumbuki?"

Bi Tome aliinamisha kichwa. "Namkumbuka sana, mwalimu. Ndiyo maana."

Shunkei akashika brashi kwa hasira, akachora mtu yeyote tu: mashavu ya mviringo, nyusi nzito kama za muuza samaki wa mtaani. Mama aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Kisha akaangua kilio, akainama hadi paji likagusa mkeka.

"Ndiye! Mwanangu wa pekee. Asante, mwalimu, asante!"

Picha iligombaniwa. Ilibandikwa kwa vinyozi, madukani, shuleni. Shunkei kila alipoiona aligeuza macho. Hakuwahi kuchora uso mbaya kama ule, na ndio uliompa jina.

Hata hivyo, majira ya kuchipua yalipofika, alimchukulia Bi Tome nakala nzuri, akaenda kubisha kwake. Kijana mmoja alifungua mara moja, bila wasiwasi, mkononi ana kisu na nusu ya figili.

"Mama katoka," alisema. "Nimwambie nani kaja?"

Shunkei aliificha nakala nyuma ya mgongo. Pua ile ile, kidevu kile kile: ulikuwa uso wa kwanza.