Mvuke Kinywani

"Usinidanganye, hita umeizima!" Nyanchama alifoka, simu ameiegemeza kwenye sufuria jikoni kwa mwajiri wake, mtaa wa Al Thumama, Uarabuni.

"Si nimevaa makoti mawili, Mama? Stima ya Uingereza ni ya tokeni kama ya nyumbani, ila huku inaisha ukiitazama."

Nyanchama aliikazia macho skrini. Binti yake alikuwa amekaa kitandani, ndani ya nyumba, na kila neno lilimtoka kinywani na mvuke, kama mtu aliyemeza uji wa moto.

"Yule mama Mtanzania wa ghorofa ya chini, uliyesema kwake kuna joto. Nenda."

"Mama! Huku watu hawaendi tu kwa watu. Lazima uombe nafasi mapema."

"Na hiyo baridi iliomba nafasi? Vaa viatu. Usikate simu."

Ngazi zikapita kwenye skrini, kisha mlango wa kijani. Binti akainua mkono agonge, akaurudisha mfukoni.

"Nitakuja kesho, Mama."

Nyanchama akafunga bomba la maji, akaisogelea simu, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa.

"Hodi!" akapaza sauti. "Hodi wenyewe!"