Komeo la Ndani

Aksel alikuwa keshaingia malishoni alipomwona fahali akiinuka nyuma ya tuta la mchanga, mkubwa kama ghala la nyasi, na hapo simwongezei hata kilo.

"Rudi, mzee wangu!" mkewe akapiga yowe huko nje. Siku tisa walikuwa wakitembea pwani ya Jutland, kule Denmark, mke na nyonga yake ya chuma, taratibu kama konokono.

Fahali akaanza kushuka.

Aksel angewahi kutoka. Lakini geti walilikuta wazi, komeo lake lafungwa kwa ndani tu, na mkewe huko nje hawezi kumkimbia fahali.

Akalisukuma geti. Komeo lenye kutu likagoma.

"Unajifungia, mjinga wewe!"

"Nyamaza, bibie, natetemeka."

Kutu ikamchana kidole. Komeo likaingia. Shingoni akahisi pumzi ya moto.